Tiketi mbili zimenibakia na watu wanatoa mara tatu: nikiuza nitakuwa mlanguzi?

*"Nilinunua tiketi nne za tamasha, viti vinavyofuatana: changu, cha mume wangu, cha shemeji yangu na cha mkewe. Shemeji amepata dharura, hawaji tena. Tiketi zilikwisha siku ileile zilipotoka, na sasa mtandaoni zinatajwa kwa mara tatu ya bei niliyolipa. Mume wangu anasema nikiuza kwa bei hiyo nitakuwa mlanguzi kama walanguzi wengine. Rafiki yangu ananicheka. Anasema tiketi ni mali yangu, hakuna anayelazimishwa kununua, na nikimuuzia mtu kwa bei ya kawaida atageuka aiuze yeye kwa mara tatu. Tena ananishauri kwamba tamasha lijalo ninunue mbili za ziada makusudi, ili faida ilipie za kwetu. Nani kati yao ana haki? Na nikiuza, niuzeje nisitapeliwe?"*

Ndugu msomaji, umeuliza mambo mawili kwa pamoja, na majibu yake hayafanani. Kuna tiketi mbili ulizo nazo sasa, na kuna mbili ambazo rafiki yako anataka uzinunue safari ijayo. Za sasa ziuze bila kuona haya, kwa bei uliyolipa pamoja na makato yote uliyotozwa. Za safari ijayo usizinunue. Mumeo na rafiki yako wote wanabishania bei ya kuuzia, lakini swali zito liko siku ya kununua: uliponyoosha mkono kuchukua tiketi, ulikuwa na mtu wa kukalia kile kiti au hukuwa naye?

Ili uone kwa nini siku ile ndiyo inayoamua, inabidi kwanza ujue faida ya mlanguzi inatoka wapi. Tiketi ya tamasha linalopendwa huuzwa kwa bei ya chini kuliko ile ambayo baadhi ya watu wangekubali kulipa. Waandaaji wanalijua hilo na wana sababu zao. Bei hupangwa miezi mingi kabla, wakati hakuna mwenye uhakika ni wangapi watataka kuja, na ukumbi wenye mapengo huharibu onyesho na jina la msanii. Msanii naye anataka karibu na jukwaa wasimame watu wanaojua nyimbo zake mstari kwa mstari, na hao mara nyingi ni vijana ambao mifuko yao si mizito. Anajua pia kwamba shabiki aliyekamuliwa mwaka huu hatarudi mwaka ujao wala hatanunua fulana mlangoni. Kwa hiyo linabaki pengo kati ya bei ya dirishani, yaani bei rasmi ya mwandaaji, na bei ambayo mwenye hamu na fedha angetoa, na ulanguzi wote unaishi ndani ya pengo hilo.

Pengo hilo lina mlengwa. Msanii na mwandaaji wameliachia kwa ajili ya mtu atakayeingia ukumbini. Mlanguzi anajipenyeza katikati na kulichukua, na ukumbi hauongezeki hata kiti kimoja kwa kazi yake. Hapa hoja ya mumeo ina nguvu: anayenunua kwa mara tatu halipii muziki zaidi wala sauti iliyo safi zaidi. Anamlipa mtu amwondokee mlangoni.

Tena huyo mtu mara nyingi si mtu. Mwaka 2016 ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York ilitoa ripoti ya uchunguzi wake kuhusu soko la tiketi. Humo kuna mfano wa programu moja ya kompyuta iliyonunua tiketi 1,012 za onyesho moja la bendi ya U2 katika ukumbi wa Madison Square Garden ndani ya dakika moja, ingawa kila mnunuzi aliruhusiwa nne tu. Programu hizi, zinazoitwa roboti, hufungua akaunti nyingi kwa majina tofauti, hulipa kwa kadi tofauti, na hujionyesha kama zinatoka kwenye kompyuta zilizotawanyika huku na huko. Nyingine huweka viti kwenye kapu la manunuzi na kuvishikilia kwa dakika zile zinazoruhusiwa, mwenye nazo akitafuta mteja. Wewe unaona "zimekwisha" wakati bado hazijalipiwa. Ripoti ileile ilionyesha kwamba, kwa wastani, asilimia 46 tu ya tiketi ndizo zilizofika kwenye mauzo ya wazi. Zilizobaki zilikuwa zimetengewa wageni wa msanii, wadhamini, wenye kadi fulani na wanachama wa klabu za mashabiki. Ukijumlisha mawili hayo, utaelewa kwa nini foleni ya asubuhi ile ilikuwa ngumu vile, na kwa nini usijione mwizi kwa sababu tu ulifanikiwa kupata nne.

Sasa hoja za rafiki yako, maana si zote za kutupa.

"Tiketi ni mali yangu." Nusu ya kweli. Tiketi ni ruhusa ya kuingia mahali fulani siku fulani kwa masharti yaliyoandikwa, yale ambayo wengi huyapita haraka kwa kubofya "nakubali". Masharti yakisema ruhusa haihamishwi, au haiuzwi juu ya bei ya dirishani, mwandaaji anaweza kuifuta. Waandaaji wa ziara ya mwimbaji Ed Sheeran nchini Uingereza mwaka 2018 walifuta zaidi ya tiketi 10,000 zilizokuwa zimeuzwa tena kwa njia wasizoziruhusu. Tamasha la Glastonbury, la hukohuko Uingereza, huandikisha kila mnunuzi pamoja na picha yake, na tiketi haihamishiwi mtu mwingine. Kwa hiyo kabla ya kuwaza bei, fungua ule ujumbe wa uthibitisho ulioletewa uliponunua na usome masharti. Tafuta mambo matatu: je, jina limeandikwa kwenye tiketi, je, kuhamisha kunaruhusiwa, na je, kuna bei ya juu kabisa ya kuuzia tena.

"Hakuna anayelazimishwa." Ni kweli hakuna anayeshikiwa bunduki, na tamasha si dawa wala maji. Ndiyo maana sitakwambia kwamba anayeuza kwa mara tatu ametenda uovu mkubwa. Lakini hiari ya mnunuzi haitoshi kuufanya uuzaji uwe mwema, hasa pale anayeuza ndiye aliyesababisha uhaba. Watetezi wa soko la pili, yaani la kuuza tena, husema pia kwamba bei ya juu huifikisha tiketi kwa anayeitaka zaidi. Mtu anayepata fedha nyingi hutoa mara tatu bila kutetemeka kwa tamasha analolipenda kiasi. Mwingine angetembea usiku kucha kulifikia lakini hana. Bei inapima hamu na mfuko kwa pamoja, wala haiwezi kuvitenganisha.

Hata hivyo, haki lazima itendeke kwa upande wa pili. Foleni nayo si malaika. Inampendelea mwenye intaneti ya kasi na asiye kazini saa nne asubuhi. Muuguzi aliyekuwa zamu siku ya mauzo hakuwa na nafasi yoyote, na soko la kuuza tena ndilo linalompa ya pili. Mtu akiugua, akifiwa, akihamishwa kazi au akipatwa na dharura kama shemeji yako, kiti kibaki kitupu? Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka kuuza tena kupigwe marufuku kabisa. Uuzaji wa namna yako ni huduma: unampa mtu kiti ambacho kingekaa wazi.

Tuje kwenye hoja ya rafiki yako iliyo nzito kuliko zote: "nikimuuzia kwa bei ya kawaida, ataiuza yeye kwa mara tatu." Hofu hii ina msingi. Ukiweka tangazo la bei ya dirishani mahali pa wazi, wa kwanza kukuandikia, ndani ya dakika chache, huenda akawa mtu anayeshinda mtandaoni akiwinda matangazo ya namna hiyo. Lakini dawa yake si kumtangulia kupandisha bei. Una kitu ambacho mlanguzi hana: viti unavyouza vimeambatana na vyenu, na wewe mwenyewe utakuwepo. Sema mapema kwamba tiketi zitahamishwa siku yenyewe ya tamasha, au kwamba mtaingia pamoja getini. Anayetaka kuziuza tena hatakubali, kwa sababu hana muda wa kupata mteja. Anayetaka kuingia atakubali mara moja. Isitoshe, nani atakaa karibu nawe kwa saa tatu ni jambo linalokuhusu.

Kabla hujaitamani ile mara tatu, ipigie hesabu. Bei unayoiona kwenye tovuti za kuuza tena ni bei inayoombwa. Haimaanishi kuna aliyeilipa. Tovuti nyingi pia hukata pande zote mbili. Tuseme bei ya dirishani ni 100, ulitozwa 15 za huduma, jumla 115. Unaiweka kwa 300. Tovuti ikikata asilimia 15 kwako, unapokea 255. Ikimwongezea mnunuzi asilimia 25, analipa 375. Mnunuzi ametoa 260 zaidi ya ulizotoa wewe. Wewe umepata 140 na tovuti 120. Msanii hajapata hata senti. Viwango hutofautiana tovuti kwa tovuti, lakini umbo la hesabu ni hilo, na karibu nusu ya nyongeza anayotoa mnunuzi inaishia kwa mwenye tovuti.

Halafu tiketi ni bidhaa inayooza. Dakika moja baada ya onyesho kuanza haina thamani. Ndiyo maana bei huwa juu mara tu tiketi zinapokwisha, watu wakiwa na kiherehere, kisha siku mbili tatu za mwisho wauzaji walioshikilia nyingi huanza kuzishusha ili wasibaki nazo. Mara nyingine hushuka chini hata ya bei ya dirishani. Anayeng'ang'ania mara tatu mpaka saa ya mwisho anaweza kuingia ukumbini akiwa na viti viwili vitupu pembeni yake.

Kuhusu zile mbili za ziada, sina kigugumizi. Siku hiyo hutakuwa na shemeji aliyepata dharura. Utakuwa unachukua viti viwili usivyovihitaji kutoka kwa watu wawili walio nyuma yako kwenye foleni, kisha unawauzia nafasi uliyowanyima. Chukua ukumbi wa watu 10,000 wenye kikomo cha tiketi nne kwa mtu. Tiketi zote zinaweza kuchukuliwa na watu 2,500. Kila mmoja wao akiwa anahitaji mbili na akachukua mbili za ziada "ili zilipie zangu", viti 5,000, nusu ya ukumbi, vitapita kwenye soko la pili bila roboti hata moja kuhusika. Wataonekana raia wema wote 2,500. Na ile hesabu ya "nisipofanya mimi atafanya mwingine" haikuokoi, kwa sababu kila mmoja wao ameitumia.

Wengine huuliza: mbona waandaaji wenyewe siku hizi wanapandisha bei? Ni kweli, na wanastahili lawama zao. Mwaka 2024 nchini Uingereza, watu waliosubiri saa nyingi kwenye foleni ya mtandaoni ya tamasha za bendi ya Oasis walikuta tiketi za kusimama za takriban pauni 150 zimekwisha na zimebaki za zaidi ya pauni 350, bila kuambiwa mapema kwamba kulikuwa na ngazi mbili. Kosa lililowachoma watu pale lilikuwa kufichwa. Lakini mwandaaji akiamua kuuza ghali, walau fedha inakwenda kwa waliotengeneza onyesho, na ni wao watakaobeba chuki ya mashabiki. Mlanguzi hana jina la kulinda.

Basi uuzeje? Njia iliyo salama kuliko zote ni kurudi palepale uliponunua. Ingia kwenye akaunti yako, fungua tamasha husika, uangalie kama kuna kitufe cha kuuza tena au kurudisha. Pale huduma hii ya mwandaaji ilipo, mara nyingi mnunuzi hulipa bei ya dirishani, msimbo wako wa kuingilia unafutwa na yeye anatolewa mpya. Hamjuani, hamkutani, hakuna wa kumtapeli mwenzake. Kasoro yake ni kwamba fedha huenda zisiingie mpaka baada ya onyesho, na wakati mwingine makato ya huduma hayarudishwi.

Njia hiyo isipokuwepo, anza na watu unaowajua na marafiki wa marafiki, kisha vikundi vya mashabiki vyenye kanuni ya kuuza kwa bei ya dirishani. Uza zote mbili kwa pamoja. Kiti kimoja pweke kinauzika kwa shida. Kwenye tangazo andika sehemu, safu, bei uliyolipa na makato yake, na sharti la kuhamisha siku ya tamasha. Usiweke picha ya tiketi yenye msimbo wa QR, hata kama umeuziba kwa kidole na kona imeonekana. Mtu akiunakili, yule atakayefika getini kwanza ndiye atakayeingia, na mnunuzi wako ataambiwa tiketi imeshatumika. Kwenye baadhi ya mifumo msimbo hubadilika kila baada ya sekunde chache, hivyo picha ya skrini haifai kitu. Hamisha ndani ya programu ya tiketi yenyewe, kwa barua pepe au namba ya simu ya mnunuzi, na msubiri akuthibitishie kwamba ameipokea.

Kwenye malipo ndiko muuzaji anakoumia. Ujumbe wa simu unaoonyeshwa na mnunuzi si malipo. Malipo ni salio lako likiongezeka, na uliangalie wewe mwenyewe. Anayelipa kwa kadi au kwa mfumo unaolinda wanunuzi anaweza baadaye kuiambia benki kwamba hakupata bidhaa, na fedha zikarudishwa kwake ukiwa umeshahamisha. Tunza mazungumzo yote na uthibitisho wa uhamisho. Kama mmekubaliana kuhamisha siku ya tamasha, haki ni mgawane hatari: achukue dhamana ya maandishi kutoka kwako yenye jina lako na maelezo ya viti, naye atoe nusu sasa, nusu siku hiyo. Usimdai zote mapema huku unamwambia asubiri wiki tatu. Matapeli hufanya hivyohivyo, na mtu makini atakukimbia.

Na mtu akisisitiza mwenyewe kukulipa mara mbili? Kuongeza kidogo kufidia usumbufu na makato ya kutuma fedha ni sawa, na usiku wako hautaharibika kwa hilo. Kwenda mbali zaidi ya hapo, ningekataa. Wapo wanaojituliza kwa kuuza ghali kisha kutoa faida sadaka. Sadaka ni njema, lakini aliyeitoa ni mnunuzi, na hakuulizwa.

Sheria sasa, kwa sababu kuna mahali ambapo jibu la dhamiri limeshaandikwa kwenye kitabu cha sheria. Nchini Ayalandi, sheria ya mwaka 2021 inakataza kuuza tena juu ya bei ya awali kwa matukio na kumbi zilizoainishwa, zile zinazobeba watu 1,000 au zaidi. Japani, tangu Juni 2019, anayefanya biashara ya kuuza tena juu ya bei bila idhini ya mwandaaji anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja au kutozwa faini ya hadi yeni milioni 1. Jimbo la New South Wales nchini Australia linaruhusu nyongeza isiyozidi asilimia 10. Marekani ilipiga marufuku roboti za kununulia tiketi kwa sheria ya mwaka 2016, bila kuweka kikomo cha bei kwa nchi nzima. Nchini Uingereza, mwaka 2020 mahakama mjini Leeds iliwafunga wauzaji wawili wakubwa, mmoja miaka minne na mwingine miaka miwili na nusu, kwa udanganyifu: walinunua kwa majina mengi na kuorodhesha tiketi ambazo hawakuwa nazo mkononi. Angalia sheria ya mahali tamasha linapofanyika, na ya mahali unapoishi kama ni tofauti.

Kwa tiketi mbili za shemeji huhitaji wakili. Utahitaji msaada wa ana kwa ana kama tiketi zina majina yao: nenda kwenye ofisi ya tiketi ya ukumbi siku kadhaa kabla, na kitambulisho chako, kadi uliyolipia na uthibitisho wa malipo, uombe jina libadilishwe. Wengi hukubali mapema na hukataa getini. Fedha zikirudishwa kwa mnunuzi baada ya wewe kuhamisha, nenda benki mara moja na ushahidi wako. Kuna muda maalumu wa kupinga na ukipita hawakusikilizi. Mnunuzi wako akizuiwa mlangoni, mrudishie fedha zake kwanza, ndipo upeleke malalamiko kwa mwandaaji au kwa mamlaka ya kulinda walaji. Na kama ule ushauri wa rafiki yako ulishatekelezwa mara kadhaa huko nyuma, na faida imeshaanza kuonekana kwenye akaunti, zungumza na mhasibu au wakili kabla ya tamasha lijalo, kwa sababu machoni pa mamlaka ya kodi hiyo huenda tayari ni biashara.